Kabla ya Kutia Mkono Mkebeni: Kwa Anayetaka Kusomea Kura ya Nasibu

Kila mwaka hunijia ofisini hapa Kisumu mwanafunzi mmoja au wawili waliosoma habari za Ireland, ambako wananchi 99 waliopatikana kwa nasibu walianza kukutana mwaka 2016 chini ya mwenyekiti wao, wakajadili, miongoni mwa mambo mengine, suala la uavyaji mimba, na kura ya maoni ya Mei 2018 ikabadilisha katiba kwa asilimia 66.4 ya waliopiga kura. Wanataka kuandika tasnifu kuhusu baraza la watu waliookotwa kama karatasi, na wanataka niwaambie waanzie wapi. Mimi huwauliza kwanza kama mama zao wana chama.

Mama yangu alikuwa na chama chake mtaani Manyatta, wanawake 12, na kila Januari waliokota namba za kupokezana fedha kwa mwaka mzima. Namba ziliandikwa ndani ya vifuniko vya soda, na vifuniko vikatiwa katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku ambao mweka hazina aliutikisa juu ya kichwa chake. Namba ya kwanza ilitamaniwa na wote, kwa kuwa Januari ni mwezi wa karo. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la saba, mwanachama mmoja alisimama kabla ya mkono wowote kuingia mkebeni akasema, "Dada, kuna kimoja humo kimepondwa. Anayekijua atakitambua kwa kidole." Vifuniko vilimwagwa mezani na kupitishwa mkono kwa mkono, na kweli kimoja kilikuwa kimebonyea ukingoni kama kilichofunguliwa kwa meno. Mweka hazina hakushtakiwa na mtu. Nilitumwa dukani nikanunua soda 12, zikanywewa papo hapo, namba zikaandikwa upya, na ikakubaliwa kwamba mweka hazina ndiye atakayeokota mwisho.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Marekani, tarehe 1 Desemba 1969, iliendesha bahati nasibu ya kuwaita vijana katika vita vya Vietnam kwa vidonge 366 vya plastiki, kila kimoja kikiwa na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, na kwamba vidonge hivyo vilitiwa mwezi baada ya mwezi bila kuchanganywa vya kutosha, hata waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka wakaangukiwa na namba za mwanzo kwa wingi uliowashtua wanatakwimu. Wanawake wa Manyatta wangemwaga vidonge hivyo mezani kwanza.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni wa lugha. Neno letu kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni hiyo hiyo ya kuokota: ni kijiti, kokoto au jina linalotolewa bila mtoaji kujua analitoa la nani. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanajua kwamba mitume walipotafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda walipiga kura, kura ikamwangukia Mathiya, na hakuna aliyefanya kampeni. Leo tunasema kupiga kura na kumaanisha kituo, foleni na wino kidoleni, na wazee wanaokumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wapiga kura walipopanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, wana maana yao nyingine kabisa ya neno hilo. Ukisema uteuzi, mambo huharibika zaidi, kwa sababu kwetu aliyeteuliwa huwa ameteuliwa na mkubwa fulani. Ukisema bahati nasibu, unaonekana mtu wa kamari. Nilipowasilisha pendekezo langu la uzamifu mbele ya jopo la chuo kimoja, ambacho sitakitaja, mjumbe mmoja aliuliza kwa upole kama hii si kazi ya bodi inayosimamia michezo ya kubahatisha. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo huwataka wanafunzi wangu waandike ukurasa wa kwanza wa pendekezo kwa Kiswahili hata kama tasnifu yote itakuwa ya Kiingereza, kwa kuwa katika Kiingereza ni rahisi kujificha nyuma ya istilahi, ilhali mzee wa mtaa atakutaka umweleze kwa sentensi tatu unatafuta nini katika mtaa wake.

Historia isome, lakini usizame humo. Inatosha kujua kwamba Athene ilikuwa na baraza la watu 500, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila yake 10, waliopatikana kwa kura ya nasibu, huku majemadari wakichaguliwa kwa kura ya kuinua mikono kwa kuwa vita havikuachiwa bahati. Na kwamba wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na nafasi ya kuingia humo. Venisi ilichanganya nasibu na uchaguzi kwa zamu katika kumpata mtawala wake, tangu 1268 hadi jamhuri hiyo ilipoanguka mwaka 1797, ili familia kubwa zishindwe kupanga njama. Hayo ni mambo matamu, na nimewaona vijana wenye akili wakiyala miaka mitatu mizima bila kugusa swali lao wenyewe.

Swali lenyewe, kwa maoni yangu, liko katika orodha. Kutikisa mkebe ni kazi ya dakika moja. Kujua nani yumo mkebeni ni kazi ya maisha. Hili nililijifunza kwa aibu. Jaribio langu la kwanza lilikuwa dogo: watu 50 kutoka mitaa kadhaa ya Kisumu, wakae siku mbili wajadili maji na uzoaji wa takataka. Niliomba orodha za wakaazi kwa wazee wa mitaa, zile zilizoandikwa wakati wa kupanga Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama wa mtaa, nikaziingiza katika kompyuta, nikatoa majina kwa namba za nasibu, nikalala usingizi mzuri. Siku ya mkutano niliutazama ukumbi na kuona wenye nyumba. Wapangaji wa chumba kimoja, wanaohama kodi inapopanda na ambao ndio wanaonunua maji kwa mtungi, hawakufika hata watano. Mzee wa mtaa alikuwa ameandika watu anaowajua kwa majina. Waliobaki, kwake, walikuwa "watu wa ploti". Kompyuta yangu ilikuwa imetenda haki kamili juu ya orodha isiyo ya haki.

Ukidhani daftari la wapiga kura litakuokoa, kumbuka kwamba wengi wanaoishi na kufanya kazi Kisumu wamejiandikisha nyumbani kwao Siaya, Vihiga au Homa Bay, husafiri siku ya uchaguzi na kurudi jioni yake, na vijana ambao hawajajiandikisha popote hawamo kabisa. Isitoshe, majina ya watu si mali ya kuokota, kwani tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Siku hizi tunatembea. Tunahesabu milango, ploti kwa ploti, tunaiandika namba kwa chaki, tunachagua mlango kwa nasibu, kisha ndani ya mlango huo tunamchagua mtu kwa jedwali alilolibuni mwanatakwimu Leslie Kish mwaka 1949, maana ukiacha nyumba ijichagulie yenyewe, baba atajibu. Inachosha, na mbwa ni wengi kuliko unavyofikiri.

Halafu mtu aliyechaguliwa lazima akubali. Mama mmoja, nilipompigia simu na kumwambia kuwa amechaguliwa kwa nasibu, aliniuliza kama ni mimi yule wa wiki iliyopita niliyemwambia ameshinda laki moja, akakata. Hatuanzi tena kwa simu. Tunafika mlangoni na barua yenye muhuri. Mwingine, muuza omena wa Dunga, alikubali kwa moyo wote kisha akaitazama tarehe na kutikisa kichwa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na alfajiri wanawake huwa ufuoni wakingoja mashua. Wiki ile mwezi ulikuwa mwandamo. Alituambia kwamba tukitaka watu wa ufuo tuje wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Tuliisogeza tarehe, na tukaongeza posho iwe sawa na siku mbili za biashara iliyofungwa, si nauli na chakula cha mchana tu. Katika maandishi ya kitaalamu jambo hilo linaitwa upotofu wa kutoitika. Mimi huliita kalenda ya omena, na wanafunzi wangu hawalisahau.

Usidhani wenzetu wa mbali wameshalimaliza tatizo hili. Katika baraza lile lile la Ireland iligunduliwa mapema mwaka 2018 kwamba wajumbe saba wa badala walikuwa wameandikishwa kwa njia ya kujuana, kinyume cha utaratibu. Na mwaka 2021 Bailey Flanigan na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kanuni za kompyuta za kuchagua wajumbe kutoka kundi la waliojitolea, kwa namna inayotimiza viwango vya jinsia, umri na makaazi, na wakati huo huo kumpa kila aliyejitolea nafasi iliyo sawa na ya mwenzake kadiri inavyowezekana. Kazi nzuri sana, lakini huanza pale ambapo watu wameshajitolea. Muuza omena wangu asingefika hapo.

Kwa hiyo jifunze takwimu za sampuli kabla ya falsafa ya siasa, hata kama uliikimbia hesabu ukiwa kidato cha pili. Si hesabu ngumu. Chukua watu 50 kwa nasibu tupu: kundi ambalo ni asilimia 5 ya wakaazi lina uwezekano wa takriban asilimia 8 wa kukosa hata mtu mmoja, na kundi la asilimia 1 lina uwezekano wa asilimia 60. Anayesema kwamba nasibu yenyewe huwalinda walio wachache hajakaa na kalamu. Lakini geuza swali. Ibara ya 27(8) ya Katiba ya 2010 inataka vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa visizidi theluthi mbili za jinsia moja. Bunge limeshindwa kutimiza hilo hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, Septemba 2020. Baraza la watu 50 waliookotwa, ikiwa nusu ya wakaazi ni wanawake na wote wanakubali wito, lingekiuka kiwango hicho mara moja na nusu tu katika kila mara 100, na baraza lenye ukubwa wa Bunge la Taifa, lenye viti 349, lisingekikiuka kamwe kwa hesabu za kibinadamu. Hesabu hiyo huifanya ubaoni siku ya kwanza ya muhula, na darasa hunyamaza.

Kuhusu kazi yenyewe, nitasema wazi. Usitarajie tangazo la ajira lenye jina la somo hili. Utaajiriwa kufundisha utawala wa umma, sosholojia au mbinu za utafiti, na kura ya nasibu utaifanya jioni. Hesabu miezi ya vibali kabla hujahesabu ya utafiti: kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, kisha ofisi ya kamishna wa kaunti. Nenda Uganda mapema, kwa kuwa ni hapo tu ng'ambo ya Mlima Elgon: Julai 2014, katika wilaya za Bududa na Butaleja, watafiti wa Makerere pamoja na kituo cha demokrasia ya mijadala cha James Fishkin cha Chuo Kikuu cha Stanford waliwakusanya wakaazi waliochaguliwa kwa nasibu wakajadili makaazi mapya, ardhi na ongezeko la watu mahali penye maporomoko na mafuriko. Utajifunza zaidi kwa wiki moja huko kuliko kwa mwaka mmoja wa kusoma kuhusu baraza la nasibu la Paris.

Jambo linaloniuma ni pesa. Katiba imeagiza ushiriki wa umma, na ofisi nyingi zinahitaji ushahidi kwamba umma ulishiriki, kwa hiyo mtu mwenye taaluma yako ataitwa. Ofisi moja iliwahi kuniomba niwapatie "watu wa nasibu" 40 ndani ya siku tatu kwa ajili ya kikao kuhusu ada za soko, na katika barua pepe ile ile waliambatisha orodha ya majina 40. Nilikataa, na mwaka huo sikupata ruzuku kutoka popote. Nakueleza hili ili ujue bei yake kabla hujaingia, kwani hakuna aliyenieleza mimi.

Mkebe wa Kasuku ninao mezani ofisini, na ndani yake kuna vifuniko 35, kimoja kwa kila wadi ya Kaunti ya Kisumu. Au tuseme vifuniko 34: kimoja kilipotea tulipohama jengo, nikaweka kifungo cha koti mahali pake. Anayekuja kuomba nimsimamie humpa mkebe aokote wadi yake ya utafiti. Wengi hutia mkono, wakaokota, wakaandika jina la wadi. Mwaka jana msichana mmoja kutoka Nyakach alitia mkono, akautoa mtupu, akaniambia, "Mwalimu, samahani, humu ndani kuna kitu ambacho si kifuniko." Nilimwambia avute kiti.