Tuahirishe au twende? Maswali ya wasomaji kuhusu ndege na mvua

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe, nina klabu ya mazingira na tumepanga kupanda Amani, kule milima ya Usambara Mashariki, na wanafunzi kuangalia ndege, sasa tarehe imeangukia katikati ya masika na wazazi washaanza maneno, eti mvua ikinyesha ndege wote wanajificha tutaenda kuangalia ukungu tu. Tuahirishe mpaka kiangazi? Halafu darubini tulizoazima zinajaa mvuke kila ukizileta machoni asubuhi, tufanyeje? Mwalimu, Korogwe

JIBU: Marahaba mwalimu. Nendeni. Ukisema unasubiri siku kavu Amani utazeeka unasubiri, mlima ule unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na hata nje ya masika na vuli bado inadondoka, ndo maana chai imekubali kule na ndo maana msitu wenyewe bado upo.

Wazazi wako wamesema kweli nusu. Mvua kubwa ikishuka ndege anatulia, anajibana na shina, manyoya kayalaza, hata umpite chini yake humuoni. Ila mvua ya mlimani mara nyingi inakuja kwa vipindi, na ndege mdogo hana akiba ya kukaa na njaa muda mrefu, mwili wake unamaliza chakula haraka mno, kwa hiyo ikikatika tu wanatoka wote kwa mpigo, aina kibao kwenye kundi moja, huyu anapekua magome, yule anapekua majani, mwingine anasubiri wadudu wanaoshtuliwa na wenzake. Hiyo nusu saa baada ya mvua inaweza ikawapa kuliko asubuhi nzima ya jua kali.

Sasa wageni wengi wanaharibu hapo hapo, mvua inakatika wao ndo kwanza wanapanga foleni waanze kutembea msituni wakipiga stori. Msiende popote. Kaeni pembeni ya msitu, mahali penye uwazi kidogo, ile bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 inafaa sana kwa hilo. Simameni chini ya kibaraza, mwavuli ruksa, mjibane kimya. Mwambie mwanafunzi mmoja aangalie majani mapana tu, migomba na kadhalika, maana chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, wanapenda kuogea majani yaliyolowa: anatua kwenye jani lenye matone, analala kifua, anateleza nalo huku anapigapiga mabawa, anarudi juu anaanza tena. Yuko bize na kuoga kiasi kwamba anakusahau, unamuona mpaka ulimi.

Na jua likichungulia baada ya mvua, kumbikumbi wakianza kutoka, hapo acheni kila kitu. Mramba, mbayuwayu, hata ndege ambao siku nyingine wanakula matunda, wote wanakuja mezani.

Ukungu nao usiwatishe, tumieni masikio. Hondohondo wa kule, wale wakubwa weusi wenye pembe juu ya mdomo, utawasikia mabawa kabla hujawaona, vuuu vuuu vuuu juu ya miti, hasa kama matunda ya Maesopsis yameiva. Huo mti uliletwa na watu, na hao hao hondohondo ndo wamesaidia kuusambaza msituni mpaka wahifadhi wanaumwa kichwa. Shorobo naye yuko, ndege wa kijani ambaye akiruka mabawa yanawaka mekundu. Waambie wanafunzi wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, kweli kabisa, somo la kemia hilo bure.

Kuna na ka-ndege kamoja ka kijivu kijivu, mdomo mrefu, kanakaa kwenye mizongomano ya mimea inayotambaa pale mti mkubwa ulipoanguka. Kwa jina la kisayansi kanaitwa Artisornis moreaui, jina la Moreau, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kituo cha utafiti cha Amani kuanzia 1928. Duniani kote kanajulikana Usambara Mashariki na kule kaskazini mwa Msumbiji, basi. Msipokaona msilalamike, wako watu wamepanda ndege ya abiria kutoka Ulaya wakarudi hawajakaona.

Darubini: huo mvuke ni pumzi na joto la uso wako linakutana na kioo cha baridi. Zishikeni mbali kidogo na macho, pumueni kwa pua, na mkifuta futeni kwa kitambaa kikavu cha pamba, si kwa tisheti iliyolowa maana hapo unapaka tope tu. Kama mvuke uko ndani ya kioo, unyevu umeshaingia, ziwekeni kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, siku kadhaa. Na kama mna uchaguzi chukueni iliyoandikwa 8x42, acheni 10x25 (namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita), msitu una giza na lenzi kubwa inaingiza mwanga zaidi.

La mwisho, barabara ya kupanda kutoka Muheza, penye udongo pakilowa ni sabuni, kwa hiyo gari la kuvuta magurudumu manne, na piteni ofisi ya hifadhi pale Sigi muulize hali kabla ya kupanda. Suruali ndani ya soksi, masika ni sikukuu ya siafu. Mkikutana na msafara wao msikimbie moja kwa moja, rudini hatua kadhaa muangalie pembeni, kuna ndege wanaofuata siafu kuokota wadudu wanaokimbia.

SWALI: Habari za kazi. Huku Tabora mvua za kwanza zikianza naona vindege kama mwewe wadogo, mamia, wanazunguka juu ya miombo wakati wingu linajikusanya, halafu wiki ijayo hawapo. Bibi anasema ndo wanaoleta mvua. Ni kina nani? Msomaji, Tabora

JIBU: Kama ni Novemba au Desemba, na ni wembamba wenye mabawa marefu yaliyochongoka, nahisi ni kozi wa Amur, ndege mwindaji mdogo. Wanazaliana huko mashariki ya Urusi na kaskazini ya China, wanapitia India, wanavuka bahari, halafu wanashuka kwetu wakielekea kusini mwa Afrika. Mwambie bibi hajakosea sana, mvua na hao ndege kweli wanakuja pamoja, ila wao ndo wanaoifuata mvua kwa ajili ya kumbikumbi. Dume ni kijivu cheusi, miguu myekundu, na chini ya bawa kwa mbele kuna weupe unaoonekana vizuri akigeuka. Mkia ukiona umechanika katikati kama uma, huyo ni mwewe wa kawaida, fungieni vifaranga.