Picha za vitu vidogo ufukweni Dar: usiache mchanga ugeuke kijivu

Kombe moja la baharini likiwa limelala kwenye mchanga uliolowa pale Coco Beach asubuhi linapata mwanga wa aina mbili kwa wakati mmoja. Upande unaotazama bahari unapigwa na jua lililo chini, la manjano iliyokolea, kelvini 3,500 hadi 4,000 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga ni wa bluu zaidi). Upande wa kivuli hauoni jua kabisa. Unaangazwa na anga la bluu, na mwanga huo unafika kelvini 8,000 na zaidi. Kamera nayo inataka namba moja tu ya mizani ya rangi (white balance) kwa picha nzima. Ukiiacha kwenye otomatiki itakata katikati: joto la jua linapotea, mchanga unakuwa kijivu, na kila picha inatoka na rangi yake kwa sababu ulisogea hatua moja.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, amua mwanga upi ndio utakaohesabika kuwa mweupe, na ule mwingine uache na rangi yake. Bluu ya kivuli juu ya mchanga ni ya kweli, na mara nyingi ndiyo inayoipa picha uhai. Watu wengi wanahangaika kuifuta na kuishia na picha iliyokufa.

Suala la muda lina uzito kuliko kamera uliyonayo. Pwani ya Dar inatazama mashariki, jua linatoka baharini, na jioni linazama nyuma ya majengo na miti. Mwanga mzuri wa kulala chini ni wa asubuhi, kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa 2 na nusu. Tatizo ni maji. Siku za bamvua, bahari inapotoka mbali kuliko siku nyingine, maji hupwa kabisa karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi, na jua tayari liko juu na kali. Siku 2 au 3 kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kupwa kunaangukia takriban saa 2 hadi saa 3 na nusu. Hizo ndizo siku za kwenda. Hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, maana saa hubadilika kila siku, kisha fika mapema uyafuate maji yanavyopwa. Mchanga unaofunuliwa hapo hapo una mikunjo yenye kingo kali na hauna nyayo za mtu.

Ukishafika, usilielekee jua. Geuka kaskazini au kusini ili mwanga uingie kwa ubavu. Kwa ubavu, kila mkunjo wa mchanga unatupa kivuli chake, na vile vidonge vya mchanga vinavyoachwa na kaa wadogo kuzunguka mashimo yao vinaonekana kimoja kimoja, upande mmoja wa dhahabu na mwingine wa bluu. Kigamboni utaona pia mistari myeusi kwenye mchanga. Ni chembe za madini mazito. Wimbi linachukua chembe nyepesi na kuziacha zile nzito zimejipanga. Mistari hiyo ni mizuri mno, ila upe kila mmoja nafasi yake: mistari 3 ndani ya fremu inasomeka, 10 ni fujo.

Sasa mizani ya rangi. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaisindika, kisha weka namba kwa mkono. Jua la asubuhi sana, weka 5,200 na uiache hapo. Joto litabaki na vivuli vitakuwa bluu ya wastani. Kukiwa na mawingu, kama kipindi cha masika, anza na 6,000 hadi 6,500. Kama kila kitu kiko kivulini lakini juu kuko wazi kwa anga, 7,000 hadi 7,500. Ukitaka usahihi, kwa mfano rangi halisi ya ganda la kauri, tumia kadi ya kijivu, ile inayopigwa picha iwe kipimo cha rangi: iweke kwenye mwanga uleule unaopiga kauri, ijaze fremu, na uiinamishe kidogo isirudishe mng'ao wa anga. Kosa la kawaida ni kuishika kadi kivulini mwa mwili wako huku kauri ikiwa juani. Matokeo yake kauri inatoka ya machungwa. Na asubuhi ya dhahabu usitumie kadi kabisa, kwa sababu itakuondolea hiyo dhahabu uliyoamkia.

Chini ya mivinje na mikungu mwanga unapita kwenye majani na kuwa wa kijani. Hapo namba ya kelvini haisaidii. Sogeza ule mstari mwingine wa kijani na zambarau kuelekea zambarau, alama 10 hadi 20. Angalia pia vilivyo karibu nawe. Turubai la bluu la muuza madafu, ubavu wa ngalawa uliopakwa rangi, na hata fulana yako nyekundu vinatupa rangi kwenye ganda jeupe lililo sentimita 30 kutoka kwako. Vaa kijivu, nyeupe au nyeusi. Jua likiwa kali, funika kitu chako kwa mwavuli mweupe unaopitisha mwanga. Mwavuli wa rangi yoyote nyingine utaharibu kazi.

Kichujio cha polaraiza, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao, kinahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mchanga uliolowa ni kioo cha anga, na ile bluu yake ni anga limerudi. Ukizungusha kichujio hadi mwisho, anga linaondoka na mchanga unabaki kahawia nzito, kana kwamba umehama ufukwe. Zungusha hadi mng'ao upungue nusu, kisha simama. Kinafanya kazi vizuri kamera ikitazama chini kwa nyuzi 35 hadi 40 kutoka usawa wa maji. Ukipiga wima kutoka juu, hakikupi kitu, na bado kinakula kati ya hatua 1 na 2 za mwanga (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), kitoe.

Ukaribu nao una gharama yake. Kwa lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, ukipiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwa f/11 (kipimo cha tundu la lenzi: namba kubwa, tundu dogo), eneo lililo kali lina unene wa milimita 1.3 tu. Kwa nusu ya ukubwa, linafika milimita 4. Kwa robo, milimita 13. Kombe lililochomoza haliwezi kukaa ndani ya milimita 4, kwa hiyo rudi nyuma kidogo au linganisha uso wa lenzi na uso wa kombe, sambamba kabisa. Kupandisha hadi f/22 hakukusaidii. Picha nzima inalainika.

Mchanga mweupe, hasa ule wa kisiwa cha Mbudya, unaidanganya mita ya kamera, nayo inatoa picha ya giza. Ongeza fidia ya mwangaza ya +0.7 hadi +1, kisha angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) ya rangi tatu, si ile ya mwanga peke yake. Kwenye mwanga wa asubuhi nyekundu ndiyo inayojaa kwanza. Ikishapasuka, mchanga unageuka manjano hafifu na huwezi kuurudisha. Ukiwa Mbudya au Bongoyo kumbuka uko hifadhini: piga kombe lilipo, usiondoke nalo. Kiti cha pweza (nyota wa bahari) kiache ndani ya maji.

Tripodi kwenye mchanga uliolowa inazama taratibu wakati shata iko wazi. Sukuma miguu sentimita 10 hadi 15, bonyeza kwa uzito wako, subiri wimbi lipite mara mbili, ndipo upige. Na kama kamera imetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi lililofungwa dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Chumvi ikigusa kioo, puliza mchanga kwanza, halafu futa kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi.

Wa simu: tumia hali ya kitaalamu, weka 5,200, piga RAW kama ipo. Kamera pana zaidi ya simu inataka usogee hadi sentimita 3 au 4, na hapo simu inatupa kivuli chake juu ya kitu chako. Tumia ukuzaji wa mara 2 na urudi nyuma.

Rangi pia hupimwa kwa eneo. Jani la mkungu likiwa limeiva jekundu na kuangukia mchanga wa bluu-kijivu lina nguvu kubwa; sehemu moja ya kumi ya fremu inalitosha. Likijaza nusu, bluu inageuka kuwa uchafu tu pembeni.

Nyumbani, zima hali ya usiku ya skrini kabla hujagusa chochote. Usibofye kidondoo cha rangi (kile cha kuionyesha programu kijivu kiko wapi) kwenye mchanga: mchanga una manjano ndani yake, na programu ikiambiwa ni kijivu itaibluisha picha nzima. Bofya kwenye picha ya kadi. Kama huna kadi, soma namba za rangi (0 hadi 255) za mchanga mkavu ulio juani: nyekundu ikiizidi bluu kwa 15 hadi 30, uko mahali pazuri. Ikizidi 50 na siyo alfajiri, punguza namba ya kelvini kwenye programu, picha ielekee bluu. Bluu ya vivuli ikipiga kelele, ishushe ukali wake (saturation) kwa 10 hadi 20 kwenye mstari wa bluu peke yake, usiguse picha nzima. Mwisho hifadhi kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, maana nafasi nyingine za rangi zikifunguliwa kwenye simu za wengi hutoka zimepauka.