Mbona Evan peke yake ndo anakumbuka?
Umeuliza kwenye muvi ya The Butterfly Effect (2004) mbona Evan, yule mhusika mkuu anayerudi nyuma kubadilisha maisha yake, peke yake ndo anakumbuka maisha ya mwanzo wakati wengine wote wanaona kawaida tu. Ni kwamba akili yake ndo inayosafiri, mwili hauendi popote, anasoma daftari lake la utotoni maandishi yanaanza kutetemeka mara kajikuta ndani ya mwili wake wa zamani, akirudi sasa kumbukumbu mpya zinammwagikia kichwani zote kwa mpigo mpaka damu inamtoka puani. Hao wengine hawajasafiri, kwao hayo ndo maisha pekee waliyowahi kuishi.

Ila kile kipande cha jela kinavunja sheria ya muvi yenyewe. Evan akiwa kafungwa anarudi utotoni akiwa na miaka 7, anajichoma viganja kwenye vile vyuma vya kuchomekea karatasi mezani kwa mwalimu, halafu Carlos, mfungwa mwenzake, anaona makovu yakitokea palepale. Sasa si angekuwa nayo tangu utotoni? Carlos angemkuta nayo siku ya kwanza tu, hamna cha muujiza hapo. Mi nimekirudia mara tatu na bado naona tulipigwa changa la macho, japo ni kikali balaa.