Nimetubu, mbona moyo bado unanisuta? Jibu la mtu aliyepita hapo

Mleta mada, nimekusoma mara mbili. Kwa kifupi unasema umeokoka miezi minne iliyopita, umeungama dhambi zako mbele za Mungu na kubatizwa, ila kila ukizima taa unaiona sura ya mtu uliyemdhulumu. Sasa unajiuliza kama umesamehewa kweli au unajidanganya. Waliokutangulia kujibu wengi wamekuambia ni shetani anakukumbusha ya kale, mkemee. Nami niliambiwa hivyohivyo. Nilikemea mpaka sauti ikakauka. Acha nikusimulie yaliyonikuta, utapima mwenyewe.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anafanya kazi mbali. Alinunua kiwanja, akanikabidhi nimsimamie ujenzi. Kila mwezi anatuma hela: leo ya mchanga na kokoto, kesho ya saruji, keshokutwa ya nondo na ya fundi. Miezi mitatu ya kwanza nilijenga kweli, msingi ukatoka ardhini. Mwezi wa nne nikachota kidogo kwa nia ya kurudisha, maana nilikuwa nimeshaanza kubeti na nilikuwa na uhakika na mechi za wikiendi ile. Mwezi wa tano nikachota yote. Nilikuwa najiambia nimekopa. Neno "kuiba" sikulitamka hata kimoyomoyo kwa karibu miaka miwili.

Akawa anataka picha. Mtaa wa pili kulikuwa na mtu anajenga nyumba ya ramani inayofanana na yetu. Jioni mafundi wakishaondoka nilikuwa napita pale, napiga picha kwa upande ambao barabara haionekani. Kuta zikapanda, nikamtumia. Lenta ikafungwa, nikamtumia. Kaka akaichukua ile picha ya lenta akaiweka kwenye simu yake, pale penye picha yake mwenyewe, kwa hiyo kila nikitaka kumwandikia naanza kuuona ukuta wa watu.

Niliokoka usiku, kwenye maombi nilikopelekwa na rafiki. Sina mengi ya kusimulia hapo. Nililia, nikaombewa, nikatoka mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Sisemi kwamba yalikuwa maigizo. Mpaka leo naamini usiku ule nilisamehewa, na nitaeleza kwa nini. Siku ya tatu yake simu ikaita: kaka katuma hela ya mbao za kupaua.

Kupaua nyumba isiyo na ukuta hata mmoja.

Hela ile sikuila, niliiweka. Lakini sikusema kitu. Nilimjibu, "Imefika kaka, Mungu akubariki." Hilo "Mungu akubariki" ndilo lililoninyima usingizi kuliko picha zote nilizowahi kutuma. Zamani nilikuwa mwongo tu. Sasa nilikuwa mwongo anayetumia jina la Mungu.

Miezi miwili nikaishi hivyo. Ibada sikosi, kufunga nafunga. Moyo ukinisuta naukimbiza kwa 2 Wakorintho 5:17, "ya kale yamepita tazama! Yamekuwa mapya." Andiko ni la kweli kabisa, mimi ndiye niliyekuwa nimeligeuza shuka la kujifunika gubigubi. Mwisho nikamwendea mama mmoja mtu mzima, kiongozi wa maombi pale kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitoa pepo. Akaniuliza swali moja tu:

"Hayo yote umemwambia Mungu. Kaka yako anayajua?"

Nikamwambia, mama, si ya kale yamepita? Akatabasamu.

"Kwako yamepita, mwanangu. Kwake hayajafika bado."

Akafungua Filemoni. Ni barua fupi, sura moja tu, mistari 25, wengi tunairuka. Onesimo ni mtumwa aliyeachana na bwana wake, Filemoni, na maneno ya Paulo yanaashiria kwamba huenda aliondoka na kitu cha bwana huyo. Anakutana na Paulo, ambaye yuko kifungoni, anaokoka, tena Paulo anamwita "mwanangu". Paulo angeweza kumwambia tulia hapa, wewe ni kiumbe kipya. Badala yake anamrudisha. Kwenye mstari wa 18 anamwandikia Filemoni: kama amekudhulumu, au unawiwa kitu naye, "ukiandike hicho juu yangu." Yule mama akaniambia niutazame vizuri ule mstari. Deni halikufutwa kwa kusahauliwa. Yupo aliyesema andika kwangu, nitalipa mimi. Na bado Onesimo ilibidi aende kwa miguu yake mwenyewe.

Hapa naomba twende taratibu, kwa sababu ndipo nilipochanganyikiwa kwa muda mrefu, na nadhani ndipo ulipo wewe. Nilianza kufikiri kwamba basi msamaha wa Mungu unanisubiri nimalize kulipa. Hapana. Msome Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, Luka 19, uangalie nini kilitangulia nini. Yesu anamwona juu ya mkuyu, anamwambia ashuke upesi, leo atashinda nyumbani kwake. Zakayo hajaahidi kitu bado. Hajasema habari ya maskini wala ya kurudisha. Baada ya kupokewa ndipo anasimama na kusema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Torati ilimdai kidogo kuliko hapo: Walawi 6 inasema mtu wa namna hiyo arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alikuwa amefurahi, na mtu aliyefurahi hapigi hesabu za chini.

Kwa upande wa pili mtazame Yuda, aliyemsaliti Yesu kwa fedha. Hili lilinishtua nilipoliona. Yuda alirudisha fedha! Mathayo 27: alijuta, akavirudisha vipande 30, akatamka kwa kinywa chake kwamba amekosa. Wakuu wa makuhani wakamwambia hayo hayawahusu, ayaangalie mwenyewe. Akaenda akajinyonga. Petro hakuwa na cha kurudisha. Alichokuwa nacho ni aibu ya kumkana Bwana wake mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Lakini Yohana 21 inamwonyesha akijitupa baharini kumfuata Yesu ufuoni, na pale anakuta nini? Moto wa makaa. Injili ya Yohana inautaja moto wa namna hiyo mara mbili tu, pale alipokana na pale alipoulizwa mara tatu, "wanipenda?" Yesu hakumkwepesha Petro mahali pa aibu yake, alimrudisha palepale ili wapamalize wote wawili. Basi Yuda na Petro wote walijuta, ila mmoja alipeleka majuto kwa watu waliomtumia, mwingine akayapeleka kwa yule aliyemkosea.

Ndiyo maana nakuambia umesamehewa. 1 Yohana 1:9 inasema tukiziungama dhambi zetu Mungu hutusamehe, haina kipengele cha kusubiri. Kinachokusuta usiku pengine si shaka juu ya Mungu. Inawezekana ni Mungu mwenyewe, kwa upole, anakuonyesha mlango ambao hujaugonga. Shetani akishtaki husema "wewe ni takataka" na kukuacha hapo. Kile kilichokuwa kinanijia mimi usiku kilikuwa na jina na namba ya simu.

Nilimpigia kaka Jumapili mchana. Nilikuwa nimeandika karatasi, nikaisoma kama mtoto anayesoma darasani, maana nilijua nikiongea hivihivi nitaanza kutafuta visingizio. Nikamwambia: hakuna nyumba. Upo msingi, na majani yameshaota juu yake. Hela niliila mimi kwenye kamari. Picha si zako. Hela za kupaua ninazo, nazirudisha leo. Nyingine nitalipa.

Kimya. Nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo ule ukuta ni wa nani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilitegemea matusi. Nikamwambia ni wa mtu wa mtaa wa pili, simjui jina. Akakata simu. Jioni nikaona ameiondoa ile picha. Pakabaki duara tupu.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mbingu zilifunguka. Kaka hakuniongelesha miezi saba. Mama yetu aliugua kwa mawazo. Shemeji mpaka leo ananisalimia kwa kuhesabu maneno, na ana haki. Wapo waliookoka wenzangu walionilaumu, wakasema nimevunja familia kwa jambo ambalo Mungu alishalifuta. Nilikuwa maskini kuliko nilipokuwa mwizi. Lakini usiku ule wa Jumapili nililala. Sijui nikuelezeje. Nililala kama mgonjwa aliyeshuka homa.

Nikaanza kulipa. Kila mwezi theluthi ya mshahara, naandika kwenye daftari, natuma bila maneno. Mwezi wa nane ndipo alipojibu kwa mara ya kwanza: "Mbona hesabu yako inazidi?" Nikamwambia nimeongeza sehemu ya tano, iko Walawi. Akajibu: "Usiniletee Biblia." Nilicheka peke yangu mpaka machozi, kwa sababu huyo ndiye kaka ninayemjua.

Sasa tahadhari, maana nisingependa mtu asome hapa akurupuke. Si kila kosa linaungamwa kwa simu Jumapili mchana. Kama kukiri kwako kutamwangukia mtu wa tatu asiye na hatia, kama ulimtendea mtu ukatili na kuona uso wako ni kumuumiza upya, au kama ni jinai, usiende peke yako wala kwa pupa. Keti kwanza na mchungaji au padri mwenye kifua, na kama sheria inahusika, na mwanasheria pia. Nia isiwe kukwepa mkono wa sheria. Kuna wakati toba inapita kituo cha polisi, na hapo hakuna njia ya mkato. Daudi aliambiwa na nabii Nathani siku ileile kwamba BWANA ameiondoa dhambi yake, na bado matokeo yake yalimfuata nyumbani kwa miaka. Ndugu zetu Wakatoliki wana neno ninalolipenda, malipizi: baada ya kuungama kuna kitu cha kutenda, kutengeneza kilichoharibika kadiri inavyowezekana. Sisi wa makanisa ya kiroho tunalikwepa tukiogopa kuonekana tunanunua wokovu. Mimi naona tunatupa mtoto wa watu na maji ya kuogea, kwa woga tu.

Na uliuliza pia mbona tabia nyingine hazijaondoka. Muda, ndugu yangu. John Newton, yule Mwingereza aliyetunga wimbo wa neema unaoimbwa dunia nzima (Amazing Grace), alimlilia Mungu kwenye dhoruba mwaka 1748. Unadhani aliacha biashara ya watumwa wiki iliyofuata? Baada ya hapo aliendelea nayo, tena akiwa nahodha wa meli, akaacha kusafiri mwaka 1754 kwa sababu ya afya. Kukiri hadharani ubaya wa biashara ile kwa maandishi yake alikuja kufanya mwaka 1788. Miaka 40! Simtaji ili ujipe likizo ya miaka 40. Watu waliokuwa minyororoni chini ya sakafu ya meli yake hawakuwa na muda huo wa kumsubiri aone. Namtaja ili usishangae ukiwa umesamehewa na bado kuna pembe za maisha yako hazijapata mwanga. Mimi kubeti kulinirudia mara mbili baada ya kuokoka, na safari zote mbili nilimwambia yule mama wa maombi siku hiyohiyo. Sasa mshahara wangu unapita kwa mke wangu kwanza. Sioni aibu.

Kuhusu mtu wako: huwezi kujua atasema nini, na msamaha wake si haki yako ya kudai. Wewe peleka ukweli na ulichonacho mkononi, usipeleke machozi ya kumbembeleza. Akikataa, amekataa. Mungu hajakuahidi kwamba atakubali.

Kaka alirudi mwaka jana, akaanza ujenzi upya juu ya msingi uleule. Hela hanipi. Saruji inaletwa na muuzaji mwenyewe hadi kiwanjani, fundi analipwa naye, na sikuulizwa maoni. Kwangu ni sawa. Kusamehewa nilisamehewa, kuaminiwa ni hesabu nyingine na daftari lake bado liko wazi. Kazi niliyopewa ni kumwagilia kuta maji asubuhi na jioni zisipasuke. Nawahi kabla ya kwenda kazini, nashika mpira, nazunguka vyumba vyote. Wiki iliyopita wamefunga lenta. Kaka akaja na simu yake, akaniambia nisogee pembeni kidogo, namzibia.

Picha anapiga mwenyewe.