Maswali ya Wasomaji: Banda la Kuku Sita na Majira ya Theluji

SWALI: Nataka kufuga mitetea sita mahali ambapo theluji hulala ardhini karibu miezi mitatu. Nimeambiwa banda likiwa dogo kuku hupashana joto. Je, mita moja kwa mita moja na nusu itatosha?

JIBU: Itatosha kulala, haitatosha kushinda. Kuku mwenye uwanja anaoutumia kila siku huridhika na sentimita 60 kwa 60 ndani ya banda. Tatizo ni kwamba kuku wengi hawataki kukanyaga theluji. Watachungulia mlangoni, watarudi ndani, na siku hizo zikifuatana wiki nzima, sita waliobanana huanza kudonoana manyoya. Damu ikishaonekana, kuwaachisha ni kazi.

Kwa hiyo piga hesabu kwa siku watakazofungiwa: karibu robo tatu ya mita ya mraba kwa kila kuku. Banda la mita 1.8 kwa 2.4 lina mita za mraba 4.3, nalo linawafaa sita vizuri. Ukiwa na uwanja ulioezekwa juu na kukingwa upepo, theluji isiingie, unaweza kupunguza. Wanane pia wataingia, ila hakuna nafasi ya ziada tena.

Kichanja cha kulalia kiweke kwenye ukuta mfupi. Kila kuku anataka sentimita 25 hadi 30, hivyo mita 1.8 ni kipimo chake hasa. Tumia mbao ya sentimita 5 kwa 10, ilaze upande mpana uwe juu. Hapo kuku hukanyaga nyayo zikiwa bapa, akajilaza juu ya vidole vyake na kuvifunika kwa manyoya ya kifua. Kwenye fito nyembamba vidole huning'inia nje, na bomba la chuma ndilo baya kuliko yote. Kimo sentimita 60 kutoka sakafuni, umbali sentimita 40 kutoka ukutani. Viota viwili vya sentimita 30 kila upande vinatosha, mradi viwe chini kuliko kichanja. Vikiwa juu, watalala humo na mayai yatachafuka.

Jambo linalosahaulika ni kizingiti. Matandazo ya maranda huanza na kina cha sentimita 15, na kufikia mwisho wa baridi yamepanda hadi 30. Mlango ukifunguka kwa ndani utakwama kwenye maranda. Ukifunguka kwa nje na uko chini, utakwama kwenye theluji. Inua kizingiti sentimita 30, mlango ufunguke kwa nje.

SWALI: Banda langu nimeliziba kila tundu, lakini asubuhi dari linatiririka maji na upanga wa jogoo umeanza kuwa mweusi nchani. Baridi inapenya wapi?

JIBU: Haipenyi popote, na hilo ndilo kosa. Kuku mmoja hunywa karibu robo lita kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa pumzi na kinyesi. Usipoyapa njia, hupanda hadi darini, yakaganda au kudondoka, na kila kitu kikalowa. Upanga wenye unyevu huungua na baridi upesi kuliko mkavu, hata siku isiyo kali sana. Kuku mkavu, ambaye mwili wake una nyuzi 41 hivi, hujitosheleza kwa kututumua manyoya.

Fungua mianya juu kabisa, chini ya paa, kwenye kuta mbili zinazotazamana. Kipimo chepesi ni sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Banda la mita 1.8 kwa 2.4 linahitaji mwanya wa sentimita 9 kwa urefu wote wa kila ukuta mrefu. Ziba kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 12, paa litokeze nje ili theluji isiingie. Kisha funga uzi mwembamba wa sufu kwenye kichanja, pale kuku anapolaza kichwa, utazame usiku wenye upepo. Ukipepea, kuna ufa chini. Huo ndio wa kuziba. Hewa ipite juu ya vichwa vyao, isiwapige.

Jaribio jingine: piga magoti, pua yako iwe kimo cha kuku. Ukisikia amonia inachoma, mianya haitoshi au matandazo yamelowa. Chota kinyesi chini ya kichanja kila asubuhi, na usilaze chombo cha maji ndani.

Ncha nyeusi usiikate wala kuisugua. Itakauka na kudondoka yenyewe. Fuatilia tu kama inavimba au kutoa usaha, hapo mwite daktari wa mifugo.

SWALI: Taa ya joto je?

JIBU: Kwa kuku wakubwa wenye manyoya kamili, hapana. Vumbi, maranda makavu na balbu ya moto ni njia fupi ya kuteketeza banda. Tena umeme ukikatika usiku wa manane, kuku waliozoea joto hujikuta kwenye baridi kwa ghafla. Ukiwa na mashaka juu ya aina utakayonunua, chagua zenye upanga mdogo uliolala, kama Wyandotte au Brahma. Leghorn ataga sana, lakini upanga wake mrefu ndio wa kwanza kuungua.