Mke wangu anasema afadhali ningekuwa safarini

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mhadhiri na mtafiti, nina mke na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 2. Kuandika naanza wakishalala, na hata Jumamosi mchana kichwa changu kiko kwenye data. Makala niliyoimaliza wakati wa likizo ya uzazi imerudishwa mara ya pili, wapitiaji wa jarida wanataka marekebisho makubwa. Mke wangu naye alikuwa akisoma uzamivu, ila amesimamisha kwa muda tangu tupate mtoto wa pili. Wiki iliyopita nilimkuta binti yetu amefungua boksi la viatu, anabofyabofya kifuniko kwa vidole huku akimwambia mwanasesere wake: "Subiri, bado aya moja." Mimi nilicheka. Mama yake hakucheka. Alisema afadhali ningekuwa safarini, angejua sipo. Shangazi, niache utafiti nichukue kazi ya utawala yenye saa zinazoeleweka, au kuna namna ya kusawazisha haya mambo?*

*Baba wa Aya Moja*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu macho yamegoma kukaa kwenye hiyo makala iliyorudishwa. Yanarudi kwenye sentensi uliyoipitisha upesi upesi, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa: mke wako "amesimamisha kwa muda". Mtoto ana miaka 2, kwa hiyo huo muda nao una miaka 2. Wewe katika miaka hiyo umeandika, umetuma, umerudishiwa, ukatuma tena. Mwenzio hana hata cha kurudishiwa.

Na makala yenyewe uliimaliza kwenye likizo ya uzazi! Hilo umelitaja bila hata kushtuka. Hauko peke yako, kama itakufariji. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kuhusu idara kubwa za uchumi katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mhadhiri akipata mtoto huongezewa muda kabla ya kupimwa kama anastahili ajira ya kudumu. Muda huo ulipotolewa kwa baba na mama sawasawa, wanaume waliofaulu waliongezeka sana, wanawake wakapungua. Muda ni uleule, ila mmoja alikuwa ananyonyesha na mwingine anaandika. Wewe na mkeo mmeurudia utafiti huo sebuleni kwenu.

Wasomi hupenda kumtolea mfano mwanasayansi Marie Curie: Tuzo ya Nobel mwaka 1903, nyingine 1911, na mabinti wawili nyumbani. Mzee Eugène hatajwi. Huyu alikuwa daktari, baba mkwe wake, aliyefiwa na mke mwaka uleule wa 1897 alipozaliwa mjukuu wake Irène. Akahamia kwao, akalea, mpaka alipofariki mwaka 1910. Irène alikuja kupata Nobel yake mwaka 1935. Kwa hiyo nikisikia mtafiti anasifiwa kwamba anaweza yote, kazi na familia, huwa nauliza: Mzee Eugène wa nyumba hiyo ni nani? Kwako jibu ninalo. Tofauti ni kwamba yule mzee hakuwa na tasnifu yake inayopigwa vumbi.

Sasa hilo la safari. Marehemu mume wangu alikuwa mtafiti wa wadudu, nimeishi naye miaka 22. Alipokwenda porini wiki tatu hatukugombana hata siku moja. Nilijua hayupo, nikazipanga siku zangu, watoto wakahesabu siku za kurudi. Ugomvi ulianza akirudi. Tumekaa mezani, yeye anahesabu mabawa kichwani. Unamwambia mtoto anaumwa sikio, anaitikia "mh". Dakika kumi baadaye anakuuliza kwa nini mtoto analia. Ile "mh" ilinichosha kuliko safari zake zote kwa pamoja. Mkeo anaposema afadhali ungekuwa safarini, sidhani kama ni matusi. Amepiga hesabu.

"Aya moja" haina kipimo, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Aya inataka chanzo, chanzo kinafungua makala nyingine, hiyo makala inakufanya ulitilie shaka jedwali lako la pili, na saa sita ya usiku inakukuta unasafisha data upya. Mtoto wa miaka 6 anajua maana ya kesho. Anajua mshale mrefu wa saa ukifika juu. Aya haijui. Basi acha kumwahidi aya, mwahidi saa. Ukisema saa kumi na moja nafunga, funga, hata kama sentensi iko nusu. Kabla ya kufunga andika mstari mmoja wa kitu utakachoanza nacho kesho. Mume wangu alijifunza hilo akiwa na miaka 50 na ushee, na ile "mh" ikapungua. Haikuisha, sitaki kukudanganya.

Halafu hizo tarehe za mwisho unazozikimbiza zote kwa pumzi moja. Ya kuomba ruzuku ni ukuta, ukichelewa dakika tano mfumo umeshajifunga. Ya kurudisha makala iliyorekebishwa, mara nyingi ni kamba. Mwandikie mhariri mistari miwili kabla siku haijafika, mwombe wiki nne, usimsimulie maisha yako. Wengi hukubali. Na makala za wenzako unazoombwa kuzipitia, ambazo bila shaka unazikubali kwa sababu ya haya, kataa kwa muda fulani. Kataa mapema na umtajie mhariri mtu mwingine. Atakushukuru kuliko yule anayekubali kisha ananyamaza miezi mitatu.

Saa utakazookoa hapo si zako. Jumamosi asubuhi nzima na jioni mbili za wiki ni za mkeo. Na lile neno "kumsaidia" naomba liishie hapa, watoto ni wako. Aondoke nyumbani au ajifungie chumbani, wewe ubaki nao, kompyuta ikiwa imefungwa. Usimpigie kuuliza soksi za mtoto ziko wapi, tafuta. Majuma ya mwanzo anaweza kulala tu, au kukaa akitazama ukuta. Usimuulize ameandika kurasa ngapi. Kama huwezi kujizuia, hilo swali jiulize wewe mbele ya wale wapitiaji wako.

Jambo lisilosubiri ni kanuni za chuo chake. Uzamivu huwa na ukomo wa miaka, na kusimamisha masomo nako kuna ukomo wake. Aulize kwa maandishi amebakiwa na muda gani, na kama msimamizi wake bado yupo. Pengo la kulea si aibu ya kuficha kwenye wasifu wake. Wapo wafadhili wanaolihesabu: Baraza la Utafiti la Ulaya limekuwa likimwongezea mama mtafiti miezi 18 kwa kila mtoto katika muda anaoruhusiwa kuomba ruzuku zake za watafiti chipukizi.

Inawezekana pia tasnifu ameshaichoka na hataki tena kuiona. Ni haki yake. Ila hilo alitamke yeye, maana katika barua yako umemsemea wewe.

Kazi ya utawala? Sasa hivi hapana. Mtu asiamue hatima yake akiwa ameshika makala iliyorudishwa, mkono unakuwa mzito upande mmoja. Tena asiyeweza kufunga kompyuta kwa ajili ya aya ataifungua kwa ajili ya barua pepe za mkuu wa idara. Na ukiacha leo, nyumba iliyokuwa na msomi mmoja aliyesimamisha kazi yake itakuwa nao wawili. Mkeo atafaidika na nini hapo? Nipe mwaka mmoja, kisha uniulize tena.

Leo usiku muulize sura yake ya mwisho aliihifadhi kwenye faili gani. Kama amesahau, litafuteni wote wawili watoto wakishalala, saa ileile uliyozoea kufungua la kwako.

Shangazi