Kuchangia mayai ya uzazi: jibu kwa binti wa hapa Dodoma aliyeahidiwa hela na dalali

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: inauma kiasi gani, utabaki na uwezo wa kuzaa, na kama huyo dalali aliyekuahidi "hela nzuri" ukienda Dar kuchangia mayai ni wa kuaminiwa. Hapo juu wamekujibu kwa kukutukana au kukuombea. Mimi nimewahi kuchangia. Nilimchangia dada yangu wa tumbo moja, ambaye ovari zake ziliacha kazi kabla hajafika miaka 40, kwa hiyo sikupitia kwa dalali na sikulipwa. Ila kwenye mabenchi ya kliniki nilikaa na mabinti wa umri wako waliopitia huko, na ndiyo maana naandika kirefu.

Kwanza elewa kwamba pale kliniki mteja si wewe. Mteja ni anayelipa, yaani anayetafuta mtoto. Wauguzi watakuchangamkia, na daktari anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini ratiba yote inamzunguka yeye. Mayai yakishatoka, macho yanahamia maabara. Kwa hiyo la kuuliza liulize mapema, wakati bado wanakuhitaji.

Suala la kuzaa ndilo linalotisha watu wengi, na kwa kweli ndilo jepesi kulijibu. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2, na anapovunja ungo yamebaki laki kadhaa tu. Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, moja ndilo linalopevuka na mengine yanajifia yenyewe. Sindano zinayakuza yale ambayo mwezi huo yangekufa, hazichoti akiba yako ya mbele. Maneno ya "utaishiwa mayai" yaache. Hatari za kweli ni maambukizi, kuvuja damu ndani na ovari kujisokota. Hazitokei mara nyingi, lakini ikitokea mojawapo ni hospitali siku hiyohiyo, si panadoli na kulala. Na ukiambiwa "haina madhara yoyote hata baada ya miaka 20", ujue wanakuuzia. Wachangiaji hawajafuatiliwa vya kutosha baada ya kutoka kliniki. Tafiti nyingi ni za wanawake waliokuwa wanatibiwa ugumba wao wenyewe.

Utaanza na vipimo: VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kundi la damu, homoni inayoitwa AMH (inaonyesha akiba yako ya mayai), na altrasaundi ya kuhesabu vifuko vya mayai. Hiyo altrasaundi inapitia ukeni, ujiandae kisaikolojia. Kipimo ambacho kwetu sisi hakitakiwi kurukwa ni cha selimundu. Shemeji yangu, yaani mume wa dada, alikuwa ameshapima akakutwa AS. Yeye mzima wa afya, hajawahi kulazwa, ila kumbe anabeba kinasaba cha selimundu. Kama na mimi ningekuwa AS, kila mtoto angekuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuzaliwa anaumwa. Majibu yangu yalikawia, na siku hizo zote dada hakunipigia simu, alikuwa anatuma ujumbe wa "umeamkaje" basi. Yalipotoka AA, yaani sibebi, nilimtumia picha ya karatasi bila neno lolote, akapiga papo hapo, tukabaki tunasikilizana pumzi. Wewe binafsi kipimo hiki kina faida hata usipochangia, kwa sababu ipo siku utaolewa na mtu ambaye naye hajui hali yake.

Kuna aliyeandika kwamba bora umsaidie wifi yako kuliko kuuza. Ndugu yangu, huyu hajaolewa, wifi yake ni mke wa kaka yake. Yai la dada na mbegu za kaka mtu! Hakuna daktari mwenye akili timamu atakayekubali.

Sasa sindano. Kwa kawaida ni kila siku kwa siku 8 hadi 14, unajichoma mwenyewe chini ya kitovu, pembeni kidogo. Dawa zinazokuja kwenye sindano za mfano wa kalamu hazisumbui. Dawa yangu mojawapo ilikuwa ya unga. Unavunja kichwa cha kichupa cha maji kwa kitambaa kisikukate, unavuta maji kwenye bomba, unayamimina kwenye unga, unazungusha taratibu bila kutikisa, unavuta tena, unabadilisha sindano unaweka nyembamba, unagonga bomba kwa ukucha hadi mapovu yapande. Ndipo unabana mafuta ya tumbo na kuchoma. Sindano yenyewe haiumi sana, dawa ikiingia ndiyo inawasha. Siku za mwanzo mikono ilitetemeka, baadaye nikawa nachoma huku naangalia taarifa ya habari.

Baadhi ya dawa hizo zinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na usiziweke kwenye kigandishi. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba, ukipanga chumba kimoja bila friji, uwe na jirani unayemwamini, na umeme ukikatika usifungue mlango wa friji hovyo. Mimi zangu nilizihifadhi kwa mama mwenye duka la soda hapo Ilazo, nikamwambia ni dawa za sukari. Safarini nilizibeba kwenye kiboksi cha barafu, nikiwa nimezizungushia taulo ili zisigusane na barafu yenyewe. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari si adhabu tena, lakini usidhani utakuwa unaenda na kurudi. Wiki ya mwisho altrasaundi zinafuatana, inabidi uhamie Dar. Muulize dalali wako utalala wapi na nani analipia chakula.

Kipindi hicho tumbo linajaa, suruali hazifungi, na hasira zinakuja bila sababu. Ovari zimekuwa kubwa na nzito, ndiyo maana unakatazwa kukimbia, kuruka na kubeba mizigo. Tendo la ndoa nalo acha kabisa mpaka uone siku zako baada ya zoezi. Mayai yamepevuka mengi kwa pamoja, na likiachwa moja ndani unaweza kubeba mimba yako mwenyewe, pengine ya mapacha.

Inakuja sindano ya mwisho, ya kupevusha. Hii ina saa yake kamili. Ukiambiwa saa nne na nusu usiku, ni saa nne na nusu, kwa sababu mayai yanatolewa saa 34 hadi 36 baadaye na ukichelewa yanaweza kutoka yenyewe yakapotea. Na hapa kuna swali ambalo nakuomba uliandike kwenye kikaratasi: "Dokta, mtanipevusha kwa hCG au kwa agonisti ya GnRH?" Hizo ni aina mbili za dawa ya kupevusha. hCG inakaa mwilini muda mrefu, na ndiyo inayochochea ovari kuvimba kupita kiasi. Ile nyingine inapunguza sana hatari hiyo, na kwa kuwa wewe hutabeba mimba mwezi huo, mara nyingi hakuna sababu ya kukunyima. Daktari akikujibu kwa utulivu na kukueleza, vizuri. Akikukaripia kwa kuuliza, chukua mkoba wako.

Kuvunwa kwenyewe ni dakika 20 hadi 30. Hupasuliwi. Unapewa dawa ya usingizi, sindano inapitia ukeni ikiongozwa na altrasaundi na kunyonya kifuko kimoja kimoja. Nilizinduka nikiwa na maumivu kama ya hedhi kali na kiu kubwa, jioni nikala wali. Damu kidogo ni kawaida. Siku hiyo huruhusiwi kuondoka peke yako, lazima awepo mtu wa kukuchukua.

Lisilo kawaida ni hili: tumbo linazidi kuvimba kila siku, uzito unapanda zaidi ya kilo moja kwa siku, unatapika, mkojo unapungua, au pumzi inabana. Binti mmoja niliyekaa naye kliniki, aliyeletwa na dalali, alipatwa na hali hiyo akiwa tayari amepanda basi kurudi kwao. Tulikuwa tumepeana namba, ndiyo nikajua. Dalali alishachukua chake na simu haipokelewi, kliniki wakamwambia arudi Dar, nauli hana. Alilazwa hospitali ya mkoani kwao, daktari wa zamu hajui amechomwa dawa gani kwa sababu hakuwa na karatasi hata moja. Alipona. Bili ililipwa na baba yake, aliyejua mambo yote siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mkataba wako usiishie kwenye kiasi cha hela. Uandikwe nani analipa ukilazwa, na kwa muda gani baada ya mayai kutoka. Uandikwe kwamba malipo hayategemei idadi ya mayai. Anayekwambia "yakifika 20 tunakuongeza" anakutakia dozi kubwa, na dozi kubwa ndiyo inayolaza watu. Unalipwa pia kama zoezi likisitishwa katikati kwa usalama wako. Nakala ya majibu yote na majina ya dawa zote ni zako, uondoke nazo. Na mwanasheria awe wako, si wa kwao. Uingereza wana sheria ya mambo haya tangu 1990, na fidia ya mchangiaji imewekewa kikomo. Kwa miaka mingi ilikuwa pauni 750 kwa kila mzunguko, kwa sababu kule wanataka iwe fidia ya usumbufu, isiwe bei ya yai. Dalali akikutajia sheria za huko, mkumbushe kwamba utasaini ukiwa Tanzania.

Akikuahidi siri ya milele, napo mcheki vizuri. Hukohuko Uingereza, mtoto aliyetokana na mchangiaji aliyejisajili kuanzia Aprili 2005 ana haki ya kumjua akifikisha miaka 18. Na hata pasipo na sheria, siku hizi watu wanatema mate kwenye kichupa, wanatuma kwenye kampuni za vinasaba na kugundua ndugu wasiowajua. Kanisa Katoliki limekataa jambo hili waziwazi tangu 1987, na wanazuoni wengi wa Kisuni nao wanalikataa, kwa hiyo kama dini yako ina uzito kwako, malizana nayo kabla ya sindano ya kwanza.

Kwangu swali zito halikutoka kwa mshauri wa kliniki. Mama, ambaye alikuwa ameunga mkono tangu mwanzo, aliniuliza tukiwa tunachambua mlenda: "Siku dada yako akimchapa huyo mtoto mbele yako, utanyamaza?" Nilimjibu ndiyo haraka haraka. Leo mtoto yupo, ananiita mama mdogo, na kunyamaza ninanyamaza, ila si kila mara ni rahisi. Wewe hutamwona huyo mtoto kabisa. Sijui kama hiyo ni nafuu au la, utajipima mwenyewe.

Umesema upo UDOM mwaka wa pili. Usikubali ratiba inayogongana na UE, mitihani yenu ya mwisho wa muhula. Baada ya kuvunwa jipe wiki nzima bila kazi nzito, na siku zako zitakuja ndani ya wiki mbili hivi. Zisipokuja, rudi ukapimwe, na nauli ya kurudi nayo iwe kwenye mkataba.